Bunduki Zilizowekwa Bomani

Kabla ya kuondoka

Niliulizwa kama nina neno laini, nikalitoa. Safari hii ilianzia hapo, miaka zaidi ya thelathini kabla sijapanda basi, na kama ningepewa siku moja ya maisha yangu niirudie, ningeichagua ile, nikae kitini pangu niseme, "Sina, bwana."

Tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza nilikwenda kufanya nini huko ng'ambo, mbona nilikaa karibu wiki tatu badala ya wiki moja, na mbona nimekonda lakini bado nacheka. Nimejaribu kusimulia tukiwa tunakunywa chai, ila kila mmoja wenu ananikatiza mahali pake na habari inaharibika. Nimeiandika. Pokezaneni.

Nilikuwa karani wa boma dogo ng'ambo ya ghuba, siku za Mwingereza, kabla ya vita ya Hitler. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la kumi, na siku zile watu walikuja kumtazama mtu wa darasa la kumi kama anavyotazamwa ndama mwenye miguu mitano. Sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa magobori. Kila mwenye gobori alilileta bomani, likapigwa muhuri kwenye kitako, akapewa leseni. Baruti aliuziwa kwa kipimo, ya kufukuzia viboko shambani na si zaidi. Mwaka mmoja ikaja amri kutoka juu kwamba magobori ya tarafa yetu yamezidi, yakusanywe yote na kuharibiwa, na wenyewe wasirudishiwe kitu. Bwana Shauri, ndivyo tulivyomwita mkuu wetu wa Kiingereza, akaniambia niandike tangazo. Nikaliandika kama amri ilivyokuwa: bunduki zitachukuliwa na kuvunjwa. Alilisoma polepole, maana Kiswahili alikijua. Akasema watu wataficha, na wakificha askari watapekua nyumba, na yeye hapendi kuona nyumba zikipekuliwa. Je, Kiswahili hakina neno laini zaidi?

Sikufikiri hata muda wa kuchovya kalamu.

"Lipo, bwana," nikasema. "Kuweka."

Tangazo likasomeka: kila mtu alete gobori lake liwekwe bomani. Neno hilo mnalijua. Aliyeweka kitu kwako, kitu ni chake bado. Aliyeweka mtama ghalani atakuja kuuchota. Wala sikusema uongo ambao mtu angeweza kunishika nao, kwa sababu bunduki ziliwekwa kweli, siku sita, katika chumba cha nyuma. Siku ya saba wafungwa walizipiga nyundo mpaka mitutu ikapinda, tukazipakia katika mashua, nami nikaenda nazo hadi penye kina na kutia alama daftarini kila moja ilipozama.

Wa kwanza kuleta gobori lake alikuwa baba yangu. Alilileta mchana, watu wakiwa wamejaa uwanjani, akawaambia wenzake kwamba aliyeandika lile tangazo ni mwanawe. Wakamfuata. Wa pili alikuwa Luhende, mtoto wa mwindaji, rafiki yangu tangu tukichunga ng'ombe pamoja. Kila mmoja nilimpa karatasi kwa mwandiko wangu mzuri: imewekwa bomani gobori moja.

Mwaka uliofuata nikahamishiwa Mwanza. Sikurudi kijijini. Barua za nyumbani zilipungua, halafu zikaisha. Kwamba baba amefariki nilikuja kusikia sokoni Nyamagana kwa muuza tumbaku mmoja wa kwetu, miezi minne baada ya mazishi. Nilijiambia posta imepoteza barua, na maelezo hayo yakanitosha miaka mingi, kwa kuwa nilitaka yanitoshe.

Sasa mke wangu hayupo, watoto wako Dar, na ninyi wenyewe mmeniona jioni nikizunguka nyumba ya watu hapa Butimba kama ninayetafuta miwani. Nilitaka kurudi kwetu nikafie huko. Lakini watu wa kwetu wamehamia katika kijiji cha ujamaa, Igalamya, na huko mtu hapewi kiwanja mpaka halmashauri ya kijiji imkubali. Nikaona siwezi kuwaomba kiwanja watu ambao bado wanazo karatasi zangu. Niwaambie kwanza. Wakishajua, waseme nirudi au nisirudi. Nikamwandikia mwenyekiti wa kijiji barua, nikafunga sanduku langu la bati, nikaondoka.

Kigongo, siku tatu

Basi la saa kumi na mbili liliondoka saa nne, kwa sababu dereva alikuwa anamsubiri shemeji yake, na shemeji alipofika akasema haendi. Tulifika Kigongo saa saba, tukakuta pantoni imeegeshwa upande wetu, fundi amelala juu yake kifudifudi, mkono mmoja umeingia ndani ya mashine hadi begani. Tukaambiwa kifaa kimeagizwa Mwanza. Tulikuwa tumetoka Mwanza sisi wote, na hakuna aliyetuambia tukibebe.

Ukikaa Kigongo siku tatu unawajua watu. Mimi nilikaa kwa Mama Kulwa, mwenye kibanda cha chakula karibu na maji, aliyekuwa na sato wa kukaanga na ugali wa muhogo, na chai ya sukari guru, kwa kuwa sukari nyeupe tangu mwezi uliopita alikuwa ameisikia redioni tu. Jirani yangu wa benchi alikuwa mwalimu mstaafu wa Kihaya, Mwalimu Deo, aliyekuwa anarudi Bukoba na mwavuli na kamusi. Kamusi hiyo aliisoma kama mtu mwingine anavyosoma gazeti, kuanzia mwanzo. Alimsahihisha Mama Kulwa mara mbili kwa kusema "mchere". Mara ya tatu Mama Kulwa akamwambia kwamba mchele wenyewe hana, hivyo auite atakavyo.

Siku ya pili, kwa kukosa la kufanya, nikamweleza Mwalimu Deo ninakokwenda, na kwa sababu gani. Alisikiliza vizuri. Nilipomaliza hakunilaumu. Aliniuliza tu niliandikaje katika ile barua ya mwenyekiti.

Barua zangu nazikumbuka, ni ugonjwa wa makarani. Nikamtajia: "Ndugu Mwenyekiti, ninakuja kwa habari ya bunduki zilizowekwa bomani na wazee wetu. Naomba wenye karatasi waje nazo."

"Rudia hapo kati."

"Zilizowekwa bomani."

Akafunga kamusi. "Mzee mwenzangu," akasema, "mtu anaambiwa aje na karatasi akienda kufanya nini?"

Nilikuwa nimeelewa kabla hajamaliza, nikaona haya mpaka masikio yakawaka.

"Kuchukua mzigo wake," akajijibu. "Umewaandikia kwamba unawarudishia bunduki."

Mama Kulwa alikuwa akipara samaki magamba nyuma yetu. Akasema, bila kuinua kichwa, "Babu, nenda na viatu vyepesi. Utakimbia."

Walicheka wote wawili, nikacheka nao, lakini usingizi sikuupata vizuri. Miaka zaidi ya thelathini nilikuwa nimelibeba neno lile kama jiwe kiatuni, na siku ya kwenda kulitoa nimelitia tena kwa mkono wangu, kwa mwandiko uleule. Sikukusudia. Kalamu imezoea. Asubuhi basi la kurudi mjini liliponguruma nilisimama na sanduku langu, nikatembea hadi mlangoni mwa basi. Mwalimu Deo akanifuata na mwavuli wake.

"Ukirudi," akaniambia, "watakaa wanasubiri bunduki mpaka lini?"

Nikashusha sanduku. Kifaa kilikuja mchana ule juu ya baiskeli ya mtu aliyekuwa akienda kwenye msiba, na tukavuka.

Busisi mpaka Sengerema

Kutoka Busisi nilipanda lori la pamba, juu ya marobota, pamoja na mama mmoja mwenye kuku sita na mzee kiziwi aliyeshuka mahali ambapo sikuona njia wala nyumba. Mwalimu Deo alipata nafasi mbele na dereva. Kila tulipopita kwenye shimo nilisikia akimwambia dereva neno sahihi la sehemu fulani ya gari. Pancha moja, kisha nyingine. Tukala michembe ya yule mama, vipande vikavu vya viazi vitamu, vigumu kama gome. Ukivitafuna kwa subira utamu unakuja baadaye, wakati umeshakata tamaa.

Sengerema habari ilikuwa imenitangulia. Nilipoagiza uji katika hoteli ndogo ya stendi, aliyeniletea aliniamkia kwa heshima isiyolingana na uji, akaniuliza kama ni kweli kila ukoo utapata yake au ni waliokuwa na leseni tu. Mtu wa meza ya pili akasema yeye babu yake alikuwa na gobori lakini karatasi ililiwa na mchwa. Je, mchwa wanakubalika kama ushahidi? Nilieleza kwamba sina bunduki. Wakatazamana kama watu walioambiwa na mganga kwamba hana dawa leo.

Hapo akaingia mgambo. Kijana mpole, jina lake Shija, sare imepigwa pasi. Akaniamkia, nikaitikia marahaba, akaniomba tufuatane ofisini. Mwalimu Deo alikuwa amekwenda kutafuta gari la Geita na ikawa ndiko kuagana kwetu, sikumwona tena. Ofisini Shija alifungua sanduku langu, akatoa shati, sweta, sabuni, soli za viatu, akavipanga mezani mstari mmoja.

"Babu, wewe ndiye mzee wa bunduki?"

"Mzee ndiyo. Bunduki sina."

"Ziko wapi?"

"Ziwani."

Akaandika. Alikuwa akiandika taratibu, akitamka kila silabi, na mimi niliyefurahia kuona kijana anaandika vizuri sikusikia vizuri anachotamka. Niliwekwa kwenye chumba chenye kitanda kizuri. Jioni nilikula ugali na furu, wale samaki wadogo wa miiba mingi. Hakuna aliyeniuliza tena. Kesho yake nikauliza tunasubiri nini.

"Tunawasubiri wenzangu wawili," Shija akasema. "Wamekwenda ufukweni kuusubiri mtumbwi."

"Mtumbwi upi?"

Akanisomea taarifa. Alikuwa ameandika kwamba silaha zinakuja kwa njia ya ziwa.

Ilichukua muda kumweleza. Nilianza na Bwana Shauri, nikapita kwenye chumba cha nyuma, wafungwa na nyundo, hadi mashua. Nilipofika kwenye lile neno nikalitaja, kuweka, na nikamwambia limetoka kwangu. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa mtu wa kwetu. Yule kijana aliacha kuandika. Akasema kwao pia ipo karatasi, imefungwa kwenye ngozi na kuchomekwa juu ya mlango, na bibi yake hupaka mlango samli kila mwaka. Alikuwa amekua akiamini ni karatasi ya shamba.

Wale wawili walirudi jioni na debe la dagaa, maana walisema hawakuona sababu ya kukaa ufukweni bure. Shija akaniandikia barua ya kunitambulisha njiani. Nikamwomba anisomee kwa sauti kabla hajaipiga muhuri.

Igalamya

Siku mbili za miguu, kwa mwendo wangu, na usiku mmoja katika shule. Nilipita palipokuwa na makazi ya baba yangu. Hapana mtu. Uzio wa minyaa umebaki umesimama peke yake, duara kubwa la kijani, na ndani yake mbuzi wawili wasio na habari na mtu. Watu wote wamepelekwa kando ya barabara, nyumba zimepangwa mistari, kila moja na namba yake ya chokaa.

Nilisikia vigelegele nikiwa bado mbali. Naona aibu kuandika hili. Wanawake walikuwa wamejipanga njiani, na mbele ya ofisi ya kijiji wazee wameketi kwenye mabenchi ya shule, kila mmoja amevaa nguo yake nzuri, na kila mmoja ana karatasi. Moja ilikuwa ndani ya kopo la tumbaku, nyingine katikati ya Biblia, nyingine imebandikwa kwenye ubao kwa ulimbo. Wapo waliokuja na za baba zao. Mwandiko ulikuwa wangu kila upande niliogeukia.

Luhende alikuwa kwenye benchi la mwisho. Nywele nyeupe, mabega yaleyale. Hakuinuka.

Mwenyekiti wa kijiji, bwana wa makamo aitwaye Mabula, alitoa hotuba fupi, akasema viboko wanamaliza shamba la pamoja, hivyo wazee wamefarijika. Akanikaribisha niseme. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, mazuri tu, ya kumfikisha mtu polepole. Nikayaacha yote, kwa kuogopa kwamba kati yake litakuwamo jingine laini.

"Bunduki hazipo," nikasema. "Zilivunjwa wiki ileile mlipozileta, zikatupwa ziwani. Nilikuwapo, nilizihesabu. Bwana Shauri alitaka neno la kuwafanya mzilete bila fujo, nami nikampa. Hakunilazimisha. Na barua niliyowaandikia juzi imewadanganya tena, nisameheni na hiyo."

Halafu mzee mmoja akakunja karatasi yake mara mbili, mara nne, akaitia mfukoni na kuondoka. Wakaondoka mmoja mmoja, bila kunitukana. Ningependa wangenitukana. Mama mmoja mtu mzima alisimama mbele yangu akanitazama kuanzia miguuni.

"Ng'ombe wangu wanne nimewauza kukodi wawindaji wa viboko," akasema. "Huku nina karatasi."

Luhende naye aliondoka.

Nililala kwa mwenyekiti. Mkewe alinipa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kwa maziwa ya mgando, akaniambia nile, wenye hasira na wao wameshakula. Siku mbili sikutoka uani. Nilitengeneza kiti chake kilichovunjika, nikakivunja zaidi.

Mahali panapokata nyavu

Siku ya tatu akaja mvuvi, Mzee Malimi, ambaye namkumbuka akiwa mtoto anayelia ovyo. Alikaa, akanywa maji, akazungumzia upepo. Ndipo akauliza kama naweza kukumbuka tulizitupa upande gani. Nikamwambia: ukiiacha rasi ya mawe mawili mkono wa kushoto, na ukiwa umefikia mahali ambapo mlima wa nyuma unaonekana kati ya yale mawe.

Mzee Malimi akapiga goti lake.

"Panapokata nyavu," akasema.

Kumbe wavuvi wa pale, kwa miaka yote hiyo, hawatupi wavu mahali hapo. Ukishuka haupandi mzima. Walisema pana mwenye mahali, mkali, asiyependa kelele. Watu walitoa kuku. Yeye mwenyewe ametoa kuku watatu.

"Nimeyapa magobori kuku," akasema, akaanza kucheka, kicheko kilichompeleka mpaka kikohozi. Mke wa mwenyekiti akacheka jikoni. Mchana ule kijiji kizima kilikuwa kinaulizana nani alitoa kuku na nani alitoa mbuzi, na kwa mara ya kwanza mtu aliyepita uani aliniamkia.

Kesho yake tulikwenda na mitumbwi miwili, kamba na kulabu za chuma. Nilikaa mbele na kuonyesha. Nilipoyaona mawe mawili yakifunguka na mlima ukiingia kati yake, nikainua mkono, kama nilivyouinua siku ile nikiwa na kalamu. Kulabu zilikwenda chini mara nyingi bure. Zikaja na nyavu kwanza, nyavu kuukuu za miaka na miaka, zimesokotana kama nywele za mgonjwa. Ndani ya nyavu kulikuwa na mtutu, umeliwa na kutu, umepinda kama mkono uliokunjwa kwenye kiwiko. Wakautoa na mwingine, na mwingine. Hadi saa tisa mitutu ilikuwa kumi na mmoja. Mbao zilikuwa zimeoza, namba hazionekani, hakuna aliyeweza kusema huu ni wa fulani. Mzee Malimi alisema wataendelea kila Jumamosi mpaka pasafishwe. Sato wa pale wamelala miaka hiyo yote bila kuguswa, watakuwa kama nguruwe.

Luhende alikuwa katika mtumbwi wa pili. Aliushika mtutu mmoja muda mrefu, akaulaza chini taratibu.

Kula

Halmashauri ilikutana Jumapili alasiri. Ombi langu la kiwanja lilikuwa la mwisho, baada ya mbegu za pamba na mbuzi wa katibu. Walinihoji nitalima nini na mikono ile. Nikasema muhogo, na naweza kuwaandikia barua. Watu wakaguna, na mwenyekiti akasema barua watazisoma kwanza.

Kisha akasema, "Basi ndugu zangu, sasa ni kula."

Nikainuka nikaenda kwenye mtungi kunawa mikono. Nilipogeuka na maji yakinichuruzika, niliwakuta wote wamekaa vilevile, baadhi wamenyoosha mikono juu, wananitazama. Nimekaa mjini muda mrefu mno, nimesahau kwamba kwetu kura na kula ni mtu na ndugu yake. Wale waliokuwa wamesita walicheka, na wakicheka mikono yao ikapanda. Mwenyekiti akahesabu. Nimekubaliwa. Mkono wa Luhende nao ulikuwa juu.

Tuliporudi kwenye mstari wa nyumba alitembea kando yangu. Alikuwa hajaniambia neno tangu nifike.

"Nimesubiri mpaka kura ipite," akasema. "Ningesema kabla, ungedhani tunabadilishana."

Nikamwambia aseme.

"Baba yako alipougua aliniita. Alijua nilifika darasa la nne, naweza kuandika. Akaniambia nikuandikie uje. Alitaka kukuona. Nilikuwa na hasira na wewe, Karani. Magobori hayakuwa yakirudi, watu wote walikuwa na hasira, na yeye walikuwa wamemsusa, kwa kuwa ndiye aliyetuambia tukuamini. Nikaenda nyumbani, nikakaa, sikuandika."

"Yeye ulimwambiaje?"

"Kila siku aliniuliza. Nikamwambia nimeandika."

Tulisimama. Mtu alipita na punda, tukampisha.

"Siku ngapi?" nikauliza.

"Tisa. Alikuwa anamwambia dada yako ageuze kitanda kielekee njia."

Sikumlaumu. Ningemlaumu kwa lipi, mimi? Alisema neno la kumtuliza mgonjwa, na mimi nilisema neno la kumtuliza Bwana Shauri. Tulikaa kwenye kizingiti cha nyumba yake mpaka jua likazama, wazee wawili, akalia yeye kwanza. Asubuhi alinipeleka kaburini, nyuma ya minyaa, tukafukuza wale mbuzi, tukapalilia wote wawili.

Kurudi Butimba

Kurudi kulikuwa rahisi. Pantoni ilifanya kazi, na Mama Kulwa alinitazama viatu, akaona bado ninavyo, akanipa sato wa bure. Kiwanja changu kiko mstari wa nne. Mvua zikikatika nitahama, na mtakaotaka kuja mnakaribishwa. Luhende ameshanipandia muhogo, na wiki iliyopita nimepata barua kutoka kwake, ya kwanza, ikinipa habari ya msiba wa shangazi wa Mabula ili na mimi niwe nimejua kama wengine.

Mmeniuliza, baada ya yote, neno lile lilinigharimu nini. Miaka mingi nilifikiri ni kijiji, na kijiji nimekipata. Halikuwa hilo. Lilinigharimu hili: baba yangu aliniita, nami nilikuwa Mwanza, mzima, ningeweza kufika kwa siku tatu. Alikufa akiamini kwamba barua yake nimeipata, na kwamba sikutaka kwenda.